Shangazi, kaka anataka tumfungie mzee ndani

Julai 2021

Salaam Shangazi,

Natumai u mzima wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisenyi hapa Kampala. Wazazi wangu wako Bombo. Baba alikuwa askari jeshi, sisi tumekulia kambini, ndiyo maana mpaka leo nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Sasa amestaafu na ana miaka 74. Mama ana 68, na ni mtu wa kisukari na presha kwa miaka mingi.

Mwaka jana korona ilipoingia tuliogopa lakini tulivuka salama. Mwaka huu mambo ni mengine. Tangu mwezi wa sita kila ukishika simu unasikia msiba. Tarehe 10 Juni safari za kutoka wilaya moja kwenda nyingine zilipigwa marufuku, nikajikuta siwezi kufika Bombo, na ni mwendo wa saa moja tu kutoka hapa. Tarehe 18 zikaongezwa hizi siku 42 za kufungiwa, na jengo la maduka ninapouzia vitenge likafungwa. Kufika siwezi, na pesa ya kutuma sina.

Anayekaa na wazazi ni mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ana miaka 22. Chuo kilipofungwa alirudi nyumbani, mzigo wote ukamwangukia. Anapika, anafua, anachota maji kwenye pampu, anamkumbusha mama dawa, tena anagombana na mzee kutwa. Huko kugombana ndiko kumenifanya nikuandikie.

Mzee hataki kukaa nyumbani. Akishakunywa chai anavaa koti lake anakwenda kwenye baraza la duka kucheza mweso, ule mchezo wa bao, na wazee wenzake, barakoa iko kidevuni. Ukimwambia kitu, anajibu kwamba amelala porini risasi zikipita juu ya kichwa chake, sasa mafua ndiyo yamkalishe jikoni? Misikiti imefungwa, lakini yeye na wenzake wameshaswali Ijumaa pamoja katika sebule ya mmoja wao.

Kaka yetu mkubwa yuko Dubai. Yeye ndiye anayetuma pesa, kwa hiyo amri zote zinatoka kwake. Wiki iliyopita aliweka ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, akamwagiza mdogo wetu atie kufuli kwenye geti na ufunguo akae nao. Akamalizia: "Mzee akiugua, nitakudai wewe." Binti wa watu alilia usiku kucha. Mzee naye aliusikia ule ujumbe, maana simu ilikuwa mezani. Tangu siku hiyo anakula peke yake, na mtu wa kusema naye hapo nyumbani hana.

La mama nimelijua juzi tu. Mpwa wangu mdogo alinitumia picha anazopigapiga ovyo na simu. Katika moja nikamwona mama ameketi jikoni, amegeuza kifuniko cha kopo juu ya goti, anakata vidonge vyake vya sukari katikati kwa kisu. Nilipompigia akasema kituo anakochukua dawa kimeishiwa, wamemwambia anunue, na yeye hataki kutusumbua wakati huu mgumu. Anameza nusu. Za presha anameza leo, kesho anaruka. Chanjo hataki hata kuisikia, jirani kamwambia inagandisha damu. Mzee alichanjwa dozi ya kwanza mwezi wa nne, ya pili bado.

Sasa Idi ya kuchinja ni tarehe 20. Ndugu zangu wawili wa hapa mjini wamepata dereva wa lori la mizigo aliyekubali kutuficha nyuma na kutupitisha vizuizini, twende na watoto tukae siku mbili. Moyo wangu unataka kwenda, Shangazi. Nikifikiria kwamba huenda ni Idi ya mwisho na mama, nashindwa kulala. Niende? Na lile la kufunga geti, unasemaje?

Binti wa Askari,
Kisenyi, Kampala

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Umeniuliza juu ya geti na juu ya lori. Nitakujibu yote mawili, ila nianze na kile kisu cha mama yako, kwa sababu hicho ndicho cha kushughulikia leo kabla jua halijazama.

Mtu mwenye kisukari na presha akipatwa na korona huwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake wa umri huohuo asiye na maradhi hayo, na hatari inazidi pale sukari inapokuwa juu bila kudhibitiwa. Maana yake, mama anapomeza nusu kidonge ili asiwasumbue, anajiweka palepale mnapojaribu kumwondoa. Hata korona isipofika mlangoni kwake, presha ya kuruka siku inaweza kuleta kiharusi. Katika janga hili tunahesabu waliokufa kwa korona, na wazee wanaoondoka kwa sababu dawa zao za kila siku zilikatika hawahesabiwi na mtu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mdogo wako apige picha za makopo na pakiti zote za dawa za mama, jina la dawa na idadi ya miligramu vionekane, pamoja na daftari lake la kliniki. Akutumie wewe na kaka yenu. Malori ya mizigo yanaruhusiwa kupita, basi hilo lori mlilotaka kujificha ndani yake libebe dawa. Nunueni hapa mjini kwenye duka la dawa lenye leseni, za miezi miwili au mitatu, dereva azishushe Bombo. Kama zinapatikana Bombo au Wobulenzi, pesa itumwe kwa simu zinunuliwe hukohuko. Kabla ya kurudi kwenye dozi kamili, mama apimwe sukari na presha na muuguzi, na asimeze mbili kwa mpigo kufidia alizoruka. Mwulizeni pia muuguzi wa kituo kama anaweza kumpa dawa za miezi kadhaa pindi zikiwepo, ili asiende kupanga foleni kila mwezi katikati ya wagonjwa.

Na kuna jambo ambalo kwa kumjua mama Mwislamu wa umri wake nalihisi linakuja: tarehe 19 ni siku ya Arafa, naye atataka kufunga. Funga hiyo ni sunna. Mtu ambaye sukari yake imeyumba wiki kadhaa hapaswi kukaa na njaa na kiu kutwa nzima. Mwambie mapema, tena umwambie kwa upole, kwa sababu wakina mama wetu hufunga kimyakimya na sisi tunakuja kujua jioni wakiwa wameanguka.

Sasa nikuambie lililonigusa zaidi katika barua yako. Umeandika kuhusu baba, ukaandika kuhusu mama, kaka na Idi. Mdogo wako umempa mistari michache tu. Mwanangu, usalama wote wa wazazi wenu umesimama juu ya huyo binti wa miaka 22. Akiugua yeye, nani atachota maji? Akichoka akaacha kukumbusha dawa, nani atajua? Yeye ndiye anayekwenda pampuni na sokoni, kwa hiyo yeye ndiye njia ya karibu kabisa ya ugonjwa kuingia ndani. Halafu mtu aliye Dubai anamwambia atadaiwa roho ya baba yake! Hilo ni neno zito mno kumtwisha mtoto, na ninasema waziwazi kwamba kaka yenu amekosea.

Nyie mlio mbali mmegawana mamlaka, kazi zote mkamwachia mmoja. Gawaneni kazi. Kaka ana pesa, basi kila wiki atenge kiasi kidogo cha kumlipa kijana wa jirani achote maji na kwenda sokoni, barakoa usoni, mzigo auache getini. Wewe huna pesa lakini una simu: saa ya dawa za asubuhi mpigie mama wewe mwenyewe, umsikie akimeza, muongee dakika kumi. Wale ndugu wawili waliopata nguvu ya kutafuta lori watafute nguvu ya kumpigia mzee jioni. Na mara moja kwa wiki binti huyo apate nusu siku ambayo haulizwi chochote, alale, asome, azungumze na marafiki zake. Mtumieni na sabuni na barakoa za kutosha, kwa ajili yake kwanza. Tena mwambieni asante. Ninaamini hajaisikia tangu chuo kifungwe.

Nije kwa mzee. Geti lisifungwe kwa kufuli. Usiku ukizuka moto, au mama akizidiwa na ufunguo haujulikani uko wapi, mtalia kilio kingine. Zaidi ya hapo, huyo ni baba yenu na ile ni nyumba yake. Aliijenga kwa jasho lake, na mtoto aliyemzaa ameamrisha afungiwe humo, tena mbele ya kikundi kizima cha familia. Ndiyo maana amenyamaza. Mimi naona ana haki ya kuumia, na mzee anayekula peke yake kwa kisirani atapungua hata bila ugonjwa. Upweke unawamaliza wazee. Hamu ya kula inakata, usingizi unapotea na dawa zinasahaulika.

Kaka yako ampigie baba peke yake, asipite kikundini, amwombe radhi kama mtoto anavyomwomba mzazi wake. Asichanganye radhi hiyo na mashauri. Mashauri yaje siku nyingine, na yasitoke kwenu. Mtafuteni mtu anayemheshimu, mwenzake wa jeshini au imamu wake, azungumze naye kwa simu. Mzee aliyezoea vyeo hasikilizi amri kutoka chini. Imamu atamkumbusha asichokuwa na sababu ya kukikataa: Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba tauni ikiingia katika nchi uliyo nje yake usiiingie, na ikikukuta ndani usitoke. Kuswali nyumbani wakati wa maradhi ya kuambukiza hakumpunguzii mtu dini.

Tena msimkataze kila kitu. Korona husafiri zaidi kwa pumzi, na hupata nafasi kubwa ndani ya chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Kwa hiyo swala ya sebuleni kwa jirani ni hatari kubwa kuliko kukaa na mwenzake mmoja chini ya mti uani. Ikiwa lazima acheze mweso, rafiki mmoja, yuleyule kila siku, aje kwake. Wakae nje, wavae barakoa juu ya pua, maji na sabuni viwe karibu kwa sababu zile kete zinapita mikono yote miwili. Kuacha baraza lenye wazee wanane akabaki na mmoja ni jambo ambalo mtu mzima anaweza kulikubali. Mwulizeni yeye achague ni nani.

Kuhusu chanjo ya mama, msimlazimishe wala msimcheke. Amesikia jambo lenye chembe ya ukweli: chanjo ya AstraZeneca imehusishwa na kuganda kwa damu kwa watu wachache sana, na waliopatwa zaidi ni wa umri mdogo kuliko wake. Korona yenyewe inagandisha damu mara nyingi zaidi. Chanjo ilipoanza kutolewa nchini tarehe 10 Machi mwaka huu, wenye miaka 50 na kuendelea na wenye maradhi kama yake waliwekwa katika kundi la mwanzo kwa sababu hao ndio wanaozidiwa. Wengi hupata maumivu ya mkono, pengine homa na uchovu wa siku moja mbili, basi. Anayefaa kumweleza ni mzee: yeye alichanjwa na yupo, anacheza mweso. Huenda hilo likawapa wawili hao la kuzungumza. Na kadi ya mzee itunzwe vizuri. Kati ya dozi mbili huwa wiki 8 hadi 12, kwa hiyo muda wake ndio huu. Dozi zimekuwa chache, lakini akichelewa atachomwa ya pili tu zikifika, haanzi upya. Mdogo wako aulizie kituoni kwa simu.

Juu ya lori, mwanangu, usiende.

Naijua hamu uliyo nayo, na sitakuambia ni hamu ndogo. Lakini tazama safari yenyewe. Watu wazima watatu na watoto, mmebanana nyuma ya lori chini ya turubai, mnapumua pumzi moja, mmetoka mtaa uliosongamana ambao ugonjwa umeenea. Mtu anaweza kuwa nao bila dalili yoyote, na dalili huja kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa. Hata mkipima leo mkaonekana safi, kesho inaweza kuwa vingine. Kisha mtashuka, mama atawakumbatia wajukuu, mtalala vyumba vilevile siku mbili. Aina ya kirusi inayoitwa delta, ambayo ndiyo imetushika mwaka huu, inaambukiza upesi kuliko ile ya mwaka jana. Unaogopa isiwe Idi ya mwisho na mama. Safari hii inaweza kuifanya iwe hivyo.

Pesa mliyotaka kumpa dereva iwe ya kuchinja. Mzee achinje mwenyewe uani kwake kwa niaba yenu, maana anaweza kuwawakilisha, na siku za kuchinja zinaendelea baada ya ile ya Idi. Agawe nyama majirani, wapokee getini. Wajukuu wavae nguo zao za sikukuu, mpige simu ya picha mchana wakati mama ameketi na hana haraka, na muda wa maongezi kaka ameulipia. Siku 42 zinaisha mwisho wa mwezi huu. Mkiruhusiwa, nenda wewe peke yako kwanza, kaeni nje, barakoa usoni.

Nimalizie na ugonjwa wenyewe, kwa sababu ukifika hamtakuwa na muda wa kuandika barua. Kwa wazee korona mara nyingine haiji na homa wala kikohozi. Mzee anaacha kula ghafla, anasinzia mchana kutwa, anachanganyikiwa asijue leo ni siku gani, anaanguka, au sukari inapanda bila sababu. Mdogo wako alijue hilo. Kaka anunue kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Ikishuka chini ya 94, mgonjwa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura, hata kama mwenyewe anasema anajisikia vizuri.

Dawa za kuokotaokota msizikaribishe. Najua watu wananunua deksamethasoni dukani kama pipi. Utafiti uliofanywa Uingereza mwaka jana ulionyesha kwamba inaokoa wagonjwa waliofikia kuwekewa oksijeni, na wale wasiohitaji oksijeni haikuwafaidi. Halafu inapandisha sukari, kwa hiyo kwa mama yako kuimeza bila daktari ni balaa. Kovideksi, ile dawa ya mitishamba iliyoidhinishwa mwishoni mwa Juni, imeruhusiwa kama dawa ya kusaidia, haikuidhinishwa kuwa tiba ya korona, na haichukui nafasi ya vidonge vyake. Kufukiza kwa maji ya moto hakuui kirusi, na wazee wanaungua kwenye hizo sufuria.

Mwaka jana watu walihangaika kutafuta barua ya ruhusa ya RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, mgonjwa akiwa amelala sakafuni. Msingoje hapo mfike. Wiki hii mdogo wako azungumze na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mhudumu wa VHT, ile timu ya afya ya kijiji, waijue nyumba na maradhi ya wazee. Atafute mwenye gari atakayekubali kutoka hata baada ya kafyu ya saa moja jioni, mkubaliane bei mapema, na hiyo pesa ikae kwenye simu yake bila kuguswa. Namba zao aziandike kwa kalamu kubwa, azibandike ukutani mahali mzee na mama wanapoziona, pamoja na ya Wizara ya Afya ambayo ni ya bure, 0800 100 066.

Mpe salamu zangu mdogo wako. Na ukishazungumza na kaka yako, niandikie amesemaje.

Shangazi